Celica Yaingia Nyumbani

Baba watoto alipolileta lile gari nyumbani kwetu Tunduma, mama mkwe alilizunguka, akagusa paa kwa kiganja, akauliza, "Mwanangu, mlango wa nyuma uko wapi?" Haukuwapo. Ilikuwa Toyota Celica ya kizazi cha tano, kile kilichoanza kuuzwa 1989: milango miwili, gia ya mkono, imelala chini, na taa kubwa zinazojificha kwenye boneti mpaka uziwashe.

Nyumba ikabidi ijipange upya. Mama mkwe haambiwi ajikunje apite nyuma ya kiti, basi cha mbele kikawa chake. Mimi na watoto tukahamia nyuma, magoti yamekaribia kidevu. Gunia la mahindi likaendelea kuletwa na bajaji.

Mapenzi ya mume wangu niliyaelewa. Hapa Tunduma magari ya Japani tunayaona kila siku yakitoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, lakini yeye alilelewa kwa simulizi za Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Marehemu baba yake alimsimulia habari za Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda 1973 kwa Datsun 240Z, na Joginder Singh wa Kenya aliyeshinda mwaka uliofuata kwa Mitsubishi Lancer. Celica nazo zikashinda mfululizo 1984, 1985 na 1986. Sifa ya magari hayo ilipatikana kwenye vumbi na tope la Afrika Mashariki, na mtoto aliyekua akisikia hayo hawezi kuiona Celica barabarani asigeuke.

Kabla ya kununua, shemeji alishauri tuagize Japani, au tutafute la bei rahisi ng'ambo ya mpaka wa Zambia, Nakonde. Hapo nilikataa katakata. Gari dogo la kuagizwa likizidi miaka 10 hutozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30 kwa ajili ya umri wake, mbali na kodi nyingine. Na la namba za kigeni likikaa huku bila kulipiwa, ipo siku litakamatwa. Tukatafuta lililokwisha sajiliwa nchini, tukalipata Mbeya, tukalinganisha namba ya chesesi na kadi kabla ya kutoa hata shilingi.

Jumamosi moja tukaenda Ndolezi kukiona Kimondo cha Mbozi. Tulipoiacha lami, jiwe likagonga chini ya gari, mama mkwe akalitaja jina la Mungu kwa sauti. Baba watoto akashuka, akalala kifudifudi kukagua sampo. Haikuvuja. Tukaendelea polepole, watoto wakakipanda kimondo, tukala viazi tulivyobeba.

Wakati wa kurudi giza lilitukuta barabara kuu, na ukungu umeshuka. Taa zikawashwa: ya kushoto ikainuka, ya kulia ikabaki imefumba. Taa ya kulia ndiyo iliyo upande wa katikati ya barabara. Ikikosekana, dereva wa lori anayekuja mbele hudhani anapishana na pikipiki iliyo pembeni kabisa, kumbe upande mzima wa gari lako uko gizani karibu na katikati ya barabara. Tukaegesha mbali na lami, watoto wadogo nikawashusha na kuwasogeza kando.

Mume wangu alichomoa kwanza fyuzi ya mota za taa, ili mota isije ikazunguka na vidole vikiwa ndani. Kwenye mota kuna kirungu cha kuzungusha kwa mkono, kimefunikwa kwa raba. Mkono wake haukupita. Binti yetu mkubwa akaingiza wake, nikamulika kwa simu, akazungusha mpaka taa ikainuka. Muda wote huo mama mkwe alisimama nyuma yetu kando ya barabara, akipunga kitenge kuyaonya malori. Tulifika nyumbani taa zote mbili zikiwaka.

Fundi wetu hakuwa na wasiwasi na injini. Ni ya ukoo wa 3S, sawa na zile za Corona, Caldina na RAV4 za miaka ya 1990, ambazo amezifungua tangu ujana wake. Mota ya taa ndiyo iliyotusumbua. Mbeya haikuwapo, ikapatikana kwa wauza spea za mtumba Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa basi, na bei yake ilizidi matengenezo yote ya breki. Raba za milango bado tunazitafuta.

Kwa hiyo anayetaka gari la namna hii mikoa ya huku aanze kukagua bodi: taa, vioo, raba, bampa, na kutu chini ya mazulia. Injini mafundi wetu wanaiweza. Kioo kilichovunjika hakichongwi gereji. Na azungumze na watu wa nyumbani kwake kabla ya kuzungumza na muuzaji, kwa sababu siku linapokwama, wao ndio watakaoshuka nalo barabarani. Celica yetu inatembea leo kwa kuwa binti anajua fyuzi ilipo, mimi natenga fedha ya spea kila mwezi, na mama mkwe, shemeji alipoleta mteja, alimwambia mwanawe asiiuze.