Daftari la Punda

Malipo ya pili ya kahawa yalipoingia, wanyama wa Kamachumu waliamua kununua gari. Walikuwa wamechoka kupandisha mizigo kutoka Muhutwe migongoni, na wamechoka zaidi kubeba wagonjwa wao hadi hospitali ya Ndolage kwa machela. Pesa ya gari jipya haikuwepo. Ya gari kuukuu la dizeli ilikuwepo, ila kwa kosa moja tu. La pili wasingelimudu.

Wakaunda kamati. Mwenyekiti akawa Korongo, kwa kuwa ana taji kichwani na amesoma, nshomile halisi, ambaye hata akitaka kusema ana njaa huanza na utangulizi. Uhazini akapewa Ma Mbuzi, kwa hoja kwamba karatasi ikimfikia haionekani tena. Kondoo akawa katibu, maana huandika anachoambiwa. Ta Kobe, aliyezeekea gereji, aliingizwa kama mjumbe asiye na kura.

Safari ya kwanza ilikuwa Bukoba, Rwamishenye, kwa Fisi dalali. Fisi alikuwa na Prado ya 1998, nyeupe, injini 1KZ ya lita 3 yenye turbo, matairi yamepakwa weusi mpaka yanang'aa.

"Waitu, hii ilikuwa ya mheshimiwa," alisema Fisi. "Haijarudiwa rangi. Unaweka mafuta, unaondoka. Bei inaongeleka."

"Tena ni namba D!" Kondoo akapiga yowe, akaandika: mpya.

"Herufi inasema gari limesajiliwa lini Tanzania," akasema Ta Kobe. "Haisemi limetengenezwa lini."

Hakuna aliyemjibu. Kobe akapanda taratibu juu ya boneti, akalaza tumbo. Palikuwa na joto. Akauliza kwa nini gari linalosubiri wateja tangu jana liwe na joto saa mbili asubuhi. Fisi akasema limetoka kuoshwa. Kobe akauliza tangu lini gari linaoshwa injini ikiunguruma, maana dizeli iliyochoka hujificha ikishapata moto. Ukitaka kuijua, iwashe alfajiri ikiwa baridi, kabla mwenye nayo hajaigusa. Fisi akacheka, kama kawaida yake, hivyo haikujulikana anacheka nini.

Dashibodi ilisoma kilomita 118,000. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma. Kobe akauliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa sababu kwenye injini hiyo ni kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hugongana na pistoni. Fisi akajibu kwamba mwenye gari hajawahi kulalamika. Kobe akaomba injini iachwe ipoe, kisha kifuniko cha rejeta kifunguliwe kabla haijawashwa tena. Kikafunguliwa kwa kinyongo. Injini ilipowashwa, maji yakaanza kutoa mapovu madogomadogo yasiyokatika, na nyuma ya gari ukatoka moshi mweupe usiotaka kwisha.

"Hedi ya 1KZ ni ya alumini," Kobe akaeleza. "Ikichemka mara moja tu dereva akakaza kwenda, hupata ufa usiouona kwa macho. Moshi mweusi ningevumilia, pengine ni nozeli au chujio la hewa. Wa bluu ni oili inaungua, ningeomba bei ipungue nusu. Huu mweupe ni maji yanapita pasipo njia yake."

Korongo alikunjua shingo. "Ta Kobe, tuko kando ya ziwa. Asubuhi hapa Bukoba kila kitu hutoa mvuke."

Kondoo akaandika: mvuke wa ziwa.

Gari la pili lilikuwa Nshamba, kwa Punda. Hilux ya 1996, injini 3L, lita 2.8, haina turbo wala pampu ya kompyuta, namba A, na mlango wa nyuma umebonyea. Punda hakuwa na maneno mengi. Walifika alfajiri, umande ukiwa bado kwenye kioo. Akawasha hita kidogo, akapiga stata. Injini ikakohoa moshi mweusi mara moja, ikatulia. Kobe akafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, akaweka pua: pumzi kidogo, si mvua ya oili. Akatabasamu, jambo ambalo kwa kobe huchukua muda.

Kisha Punda akaleta daftari, na hapo ndipo alipoharibu. Kila kitu kilikuwa humo kwa mkono wake: oili na chujio, tarehe na kilomita, mkanda wa taimingi, mara tatu, nozeli zimepimwa, klachi, rejeta imezibuliwa. Hata ule mbonyeo: ukuta ulioanguka siku ya tetemeko, Septemba 10, 2016.

Korongo alisoma kurasa zote, uso ukazidi kukunjamana. "Ndugu wajumbe," alisema, "huyu ni mgonjwa sugu mwenye faili. Ile Prado haina hata ukurasa mmoja wa ubovu."

"Haina kwa sababu hakuna aliyeandika," alisema Kobe.

"Mjumbe asiye na kura anaombwa akae."

Alikuwa amekaa tangu kuzaliwa. Wakanunua Prado.

Iliwafikisha Kemondo vizuri, wakiimba. Muhutwe wakakata kupanda mlima, na katikati ya mlima mshale wa joto ukapanda nao. Ma Mbuzi alitafuta mkataba ili waone kama una dhamana. Akakumbuka aliula siku ileile waliponunua gari.

Aliyekuja kuwavuta alikuwa Fisi, ndani ya Hilux. Aliinunua kwa Punda jioni ileile ya kamati, kwa bei ya chini kuliko waliyotajiwa wao, kwa sababu gari lililokataliwa na msomi halipati mteja mwingine. Daftari lilikuwa juu ya dashibodi. Kabla ya kufunga kamba alilifungua, akaandika tarehe na kilomita.

"Laki mbili hadi Kamachumu," alisema.

Korongo alitazama huku na huku, akasogea karibu. "Laki na nusu," alinong'ona. "Na kwenye risiti andika semina."