Utukufu wa Vitz Inayogonga

Vitz ni gari dogo la Toyota lililoanza kuuzwa Japani Januari 1999. Ulaya ililipokea kwa jina la Yaris na kulitawaza Gari la Mwaka 2000. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos. Kizazi cha pili kilitoka 2005, cha tatu kikafuata mwishoni mwa 2010, na 2020 Japani ikaliacha jina la Vitz kabisa. Lakini ukamilifu wa gari hili haukupatikana Japani wala Ulaya. Hupatikana likishatumiwa na wengine kwa miaka saba hivi, likateremshwa Mombasa kabla halijapita umri wa miaka 8 ambao Kenya imeyawekea magari ya mitumba, kisha likapandishwa hadi Embu, Chuka na Meru. Huko kila kiungo kilichokuwa bubu hupata sauti.

Sauti hiyo ndiyo fadhila yake kuu. Mguu wa mbele wa Vitz una shoki iliyozungukwa na springi, mkono wa chini ulioshikiliwa na bushi za mpira, bolijointi, tairodi, na kijiti chembamba chenye vichwa viwili ambacho mafundi hukiita linki ya stabilaiza. Linki huunganisha shoki na kile chuma kirefu kinachozuia gari lisilalie upande mmoja kwenye kona. Kila kichwa chake kina gololi iliyozama ndani ya grisi na kufunikwa mpira. Mpira ukipasuka, grisi hutoka, vumbi na maji huingia, gololi hulika, na gari huanza kusema. Ufasaha wake ni wa ajabu. Linki hugonga ko-ko-ko kwenye vishimo vya mfululizo gari likienda polepole. Bushi ya mkono wa chini hutoa kishindo kimoja kizito dereva akikanyaga breki. Kiti cha juu cha shoki hulalamika usukani ukikatwa gari likiwa limesimama, na sivi jointi hukohoa ta-ta-ta kwenye kona kali. Beringi ya gurudumu hunguruma, na huzidi kunguruma kadiri mwendo unavyoongezeka. Bolijointi pekee haifai kusikilizwa kwa raha, kwa kuwa hotuba yake ya mwisho ni gurudumu kulala chini.

Kwa ufasaha huo, Vitz imejipatia kazi ya ukaguzi wa umma. Ibara ya 229 ya Katiba ya Kenya humpa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kumalizika ili atoe ripoti yake. Vitz hutoa yake kabla gurudumu la nyuma halijafika shimoni. Ripoti hiyo haina kurasa, haiwasilishwi mbele ya kamati, wala hakuna anayeitwa kuijibu. Katika hili la mwisho haina tofauti na ripoti nyingine. Ukaguzi wake pia ni wa kina kuliko wa gari kubwa. Landcruiser ya mheshimiwa hulimeza shimo bila kulitambua, na huenda hiyo ndiyo sababu waheshimiwa huapa kwamba barabara ni nzuri. Vitz, yenye tairi ndogo na tumbo lililokaribia ardhi, haiwezi kusema uongo. Hutofautisha shimo la mvua ya mwaka huu na shimo lililozibwa kwa kifusi likafumuka tena. Hujua ukingo wa lami ulioliwa na maji, hujua mahali ambapo lami nyembamba iliwekwa juu ya udongo ambao haukushindiliwa, na hujua kipande kilichofanyiwa kazi ya haraka kwa sababu mgeni fulani angepita Ijumaa.

Sura nzito zaidi ya ripoti hiyo inahusu matuta. Tuta lenye rangi na kibao humpunguzia dereva mwendo. Tuta lisilo na rangi wala kibao, lililoinuliwa kwa lami ileile nyeusi ya barabara, humpunguzia dereva shoki mbili, linki mbili na kinga ya chini ya injini, na wala halimlindi mtoto wa shule ambaye lilijengwa kwa ajili yake. Rangi ni kitu rahisi. Ndoo moja na brashi. Nani alitia sahihi kwamba kazi imekamilika, na alisimama wapi alipokuwa akitia sahihi?

Mada, hata hivyo, ni gari. Mfumo wa kupoza injini ni fadhila ya pili, nayo hustahili maelezo mafupi. Vitz ndogo kabisa ya kizazi cha pili ina injini ya cc 996 yenye silinda tatu, na haina mshale wa kuonyesha joto. Ina taa ya buluu injini ikiwa baridi, na taa nyekundu ikishachemka. Kati ya hizo mbili gari hunyamaza. Mjini Meru, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Ndiyo maana mfuniko wa radieta wenye springi nzima, unaobana maji yasichemke mapema, ni muhimu kuliko unavyoonekana, na ndiyo maana kulanti si anasa. Maji ya mtoni huleta kutu, kutu huziba radieta, na hedi gaskiti hulipa gharama. Kuna mafundi ambao hulimaliza tatizo hili kwa kung'oa thamostati na kuitupa. Tangu siku hiyo injini huchelewa kupata joto lake, taa ya buluu hukataa kuzimika asubuhi ya baridi, petroli huisha haraka, na mwenye gari huambiwa kwamba hivyo ndivyo Vitz zilivyo.

Fadhila nyingine inatosha kuzitaja tu. Giaboksi ya CVT huwafunza watu kusoma maandishi ya chupa: ina oili yake maalumu, na ikitiwa oili ya kawaida ya otomatiki kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani, hutetemeka gari linapoondoka, kisha huacha kuondoka. Injini iliyozeeka hunywa oili bila kutoa moshi wa kutisha, hivyo humzoesha dereva kuchomoa kijiti cha kupimia kila wiki. Kichujio cha hewa hukusanya vumbi la Mbeere, kati ya Siakago na Kiritiri, kwa uaminifu usio na mshahara. Kwenye mabonde ya barabara ya Embu–Meru, inayokata mito ya Thuci, Nithi na Mutonga, gari hushuka hadi darajani na kupanda tena, na dereva mwenye busara huweka gia kwenye B ili injini isaidie breki. Kwenye daraja la Nithi busara hiyo si mzaha. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa, na hawakuwa wa kwanza kufia kwenye mteremko huo.

Matengenezo ya kugonga hufuata utaratibu unaojulikana. Fundi huinua gari kwa jeki, hutikisa gurudumu, hutamka "linki", na linki hubadilishwa. Kugonga kukibaki hutamka "bushi", kisha "shoki", hadi orodha iishe au pesa ziishe. Spea mpya kwenye kisanduku chenye jina kubwa huweza kuchakaa kabla ya ile ya mitumba iliyong'olewa kwenye gari lililokufa Japani. Baada ya hayo huja alaimenti, ambayo shimo linalofuata huifuta.

Ghali zaidi ni spea ambayo mwenye Vitz hulipia bila kupewa. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli hutozwa Sh25 za matengenezo ya barabara, kutoka Sh18 za awali. Tangi la Vitz hubeba lita 42. Likijazwa, Sh1,050 huenda kwenye barabara, au angalau huelekea huko. Njiani hukutana na KeNHA yenye barabara kuu, KURA yenye za mijini, KeRRA yenye za mashambani, na serikali za kaunti zenye zilizobaki. Wabunge na magavana waliburutana hadi mahakamani kuhusu Sh10.5 bilioni za tozo hiyo. Mwananchi akiuliza kuhusu shimo lililo mbele ya lango lake, jibu la kwanza huwa ni kwamba shimo hilo ni la ofisi nyingine. Hulipa kila anapojaza tangi, kisha hulipa tena kwa fundi, na hakuna anayemrudishia hata bei ya bushi!

Fundi wa jua kali mjini Meru haulizi shimo ni la nani. Huuliza kugonga kunatoka upande gani. Mara nyingi ni kushoto, kwa kuwa mvua huila lami kuanzia ukingoni, na ukingo uko kushoto. Akishabadilisha linki ya kushoto, hushauri na ya kulia ibadilishwe pamoja nayo.