Plagi Yenye Akili

Aibu niliyoipata juzi baada ya Magharibi, hapa Ukunda, haijanikauka mwilini. Wakwe zangu wametoka Msambweni kuja kututazama, wamekaa ukumbini wakingoja chai, nami nimo bafuni nimejaa povu hadi machoni, mara umeme ukazimika nyumba nzima, pampu ikanyamaza, maji yakakatika. Na kwa kuwa kisanduku cha umeme kimetundikwa juu ya kiti alichokalia mama mkwe, sikuwa na hila ila kutoka na taulo, nikipapasa ukuta kwa adabu zote, hata yule bibi mtukufu, kwa huruma yake, akanimulika kwa tochi ya simu ili nisijikwae.

Sababu ni plagi yenye akili aliyoileta mpwa wangu kutoka Mombasa, ili feni ya kufukuzia mvuke iamrishwe kwa simu. Nimeifungua, na wallahi ustadi wake ni wa ajabu. Ndani mna koili ya waya ambayo ikipitiwa na umeme hugeuka sumaku, ikavuta ulimi mdogo wa chuma ukagusana na mwenziwe, tik, feni ikazunguka. Tena mna redio isiyolala, maana yangoja amri, na kwa ajili hiyo volti 240 zimo humo daima, hata simu ikikwambia kwamba imezimwa. Basi mvuke hupenya, ukipoa ukawa matone, na matone hayo, kwa chumvi ambayo kusi hutuletea kutoka baharini hata ndani ya makabati, huwa daraja la umeme kutambaa hadi kwenye waya wa ardhini, ukiacha nyuma njia nyeusi ambayo kesho itaurahisishia safari. Swichi ya kinga iliyonifedhehesha ndiyo hiyo hiyo iliyotusalimisha, kwani hulinganisha umeme uendao na urudio kama karani wa forodha asiyekula rushwa, na ikipungua miliampea 30 tu, hukata.

Kwenye kasha pameandikwa IP20, na ile sifuri maana yake haikukingwa na maji hata chembe. Lakini kwa herufi ndogo kiasi hicho, na duka lenyewe li mwambaoni, nani wa kuisoma?

Fundi ameihamishia plagi hiyo nje ya mlango wa bafu. Usiku uliofuata feni ikawaka yenyewe, kumbe mpwa wangu yuko Mombasa anaijaribu. Kisha intaneti ikakatika, akili ikaisha.

Linalonichoma ni soketi yenyewe. Waingereza, ambao plagi hizi za pini tatu ni zao, kwao soketi ya kawaida haikubaliwi ndani ya mita 2.5 kutoka kwenye bafu. Yetu naifikia kwa mkono nikiwa chini ya bomba. Nilipomweleza mwenye nyumba, akanijibu kwamba hata hoteli za Diani zina soketi bafuni. Nikamfahamisha kwa upole kwamba zile ni za mashine ya kunyolea, na umeme wake hupitia transfoma inayoutenga na ardhi. Akanitazama kidevu, akaniuliza kodi ya mwezi huu naileta lini.