Tangi la Nani?

Ndugu msomaji, kama kwako kuna mtoto wa Gredi ya 8, sogea karibu tupeane pole. Alhamisi iliyopita kijana wangu alirudi kutoka shule na daftari la insha lililojaa wino mwekundu. Hapa kwetu Kisauni, Mombasa, tunamwita Malenga, kwa sababu hawezi kuomba chumvi mezani bila kuipamba kwa maneno. Kichwa cha insha kilikuwa kile kile tulichokiandika sisi sote enzi zetu, "Siku Ambayo Sitaisahau", na chini yake mwalimu ameandika: Nani? Nini? Kiasi gani? Rudia sentensi moja moja.

Insha yenyewe ilihusu siku tangi letu la maji lilipoanguka. Ningejua mapema, ningemsihi aandike habari ya safari ya Malindi.

Lakini kwanza nikueleze mambo ya maji, maana bila hayo hutaielewa nyumba hii. Maji ya Mombasa yanatoka mbali. Yako ya chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambayo bomba lake lilikamilika mwaka 1957 na lina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Yako ya visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na yako ya Marere kule Kwale. Mji nao umekua na watu wamezidi. Kwetu mfereji hutoa maji siku mbili kwa juma, nayo hupenda kuja usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Ndiyo maana mwaka jana nilinunua tangi la lita 1,000 nikaliweka juu ya jiko, kwenye boriti za mikoko. Shemeji yangu, ambaye namwita Injinia kwa kuwa hapiti penye ukuta bila kuugonga kwa kidole asikie unasemaje, alizigonga zile boriti akatikisa kichwa. Baada ya wiki tatu tangi lilishuka na mabati yake mpaka stoo. Alhamdulillahi, hakuumia mtu.

Basi tukaketi mezani, mimi na Malenga, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ile ya 1981 niliyoachiwa na marehemu baba. Nayo ilikuwa stoo siku ile, na tangu iloe imevimba, haifungiki mpaka uiwekee kinu juu. Sentensi ya kwanza ilikuwa hivi: "Ilikuwa Jumamosi asubuhi na mapema, majogoo wakiwika na jua la matlai likichomoza kwa madaha kama bibi harusi, ndipo tangi kubwa sana ambalo lililokuwa juu likaanguka na maji mengi yakamwagika."

Nakiri kwamba niliipenda. Mimi ni mtoto wa mtihani wa KCPE, na insha ya KCPE ilikuwa na alama 40. Walimu wetu walitukaririsha majogoo na matlai mpaka tukawa tunayaota. Mtihani ule ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mwaka uo huo sekondari msingi zilipoanza, lakini majogoo wamevuka salama hadi kwa wanangu. Nilikuwa bado najiuliza niwaguse vipi, binti yangu mdogo, Redio, ambaye hana kitufe cha kuzimia, akasema, "Lakini mtaa wetu hauna jogoo."

Kweli, hauna. Malenga akawafuta majogoo kwa uchungu, mmoja mmoja, kama anayechinja. Jua nalo likaenda. "Ambalo lililokuwa" likabaki "lililokuwa", maana urejeshi mmoja unatosha, huvai kofia mbili kichwa kimoja. "Kubwa sana" likawa "la lita 1,000". Kijana akanitazama, macho yakamng'aa. "Baba, lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo ilikuwa tani nzima!" Akaandika: "Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, tangi la lita 1,000 lililokuwa juu ya jiko, lenye maji ya uzito wa tani moja, lilianguka."

Nilijivunia kijana wangu kwa dakika kama mbili hivi. Kisha Amiri wa nyumba hii, mke wangu, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Tani moja?" akasema. "Baba Malenga, uliweka tani moja juu ya boriti nne?" Mwaka mzima tulisema "tangi kubwa" na watu wakalala usingizi.

Tukaenda sentensi ya pili: "Kikapu cha nyanya kikaroa na vitu vikaharibika." Pembeni mwalimu ameuliza: nyanya za kupika au nyanyako? Nikamwambia Malenga hilo jepesi, aandike nyanya za kupika, nilikuwa nimetoka nazo soko la Kongowea jana yake. Mama mkwe wangu alikuwa barazani anasuka ukili. Huyu namwita Jaji, na hukumu yake haikatiwi rufaa.

"Nyanya gani za kupika?" akauliza Jaji. "Kilikuwa kikapu changu mimi. Kilikuwa na leso doti mbili mpya, nimeziweka za harusi ya mjukuu. Kila mtu alilia godoro na mchele. Leso zangu hakuna aliyezitaja."

Nikanyamaza. Mwaka mzima nimeishi na mama huyu na sikujua habari ya leso zile. Zilichuja rangi zote, akazikunja, akaziweka, asiseme kitu. Malenga akaandika polepole: "Kikapu cha nyanya yangu kikaroa, na leso zake doti mbili, alizokuwa ameziweka kwa ajili ya harusi, zikachuja rangi." Akamsomea. Jaji akasema, "Andika na kwamba zilikuwa nyekundu." Akaandika. Ndugu yangu, unaweza kukaa na watu miaka, mkala sahani moja, na jambo likakaa limefichwa ndani ya neno moja lenye maana mbili.

Sasa ikaja ile niliyokuwa naiogopa: "Mjomba alimwambia baba kwamba tangi lake limeanguka kwa sababu hakusikiliza."

Tangi la nani? Nani hakusikiliza? Lugha yetu imetupa kiambishi kimoja, a-, nacho kinambeba mjomba, baba, nyanya na hata paka. Ni neema kubwa ukiwa unapiga soga na watu walioshuhudia. Lakini msomaji ambaye hakuwepo amebaki mlangoni, hajui aingie chumba gani. Hili nililieleza kwa ufasaha. Kumbe Redio alikuwa keshampigia Injinia na kuweka sauti ya wote.

"Andika hivi," ikasema simu. "Tangi la shemeji limeanguka kwa sababu shemeji hakunisikiliza. Na boriti zilikuwa na mchwa."

"Mchwa hawakuwepo!" nikasema.

"Walikuwepo," wakasema watu watatu kwa pamoja.

Nikapendekeza njia ya amani: "Ushauri haukuzingatiwa." Sentensi fupi, safi, haina fundo. Malenga akaiandika kwa penseli, akaitazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Haukuzingatiwa na nani, Baba?"

Hapo nilimwelewa yule mwalimu. Kauli ya kutendwa ina kazi yake, nasi tunaitumia kwa haki pale mtendaji hajulikani. Mimi nilikuwa namjua mtendaji tangu siku yake ya kuzaliwa. Nikachukua penseli, nikafuta, nikamwambia aandike kwa wino: "Mjomba alimwonya baba mapema kwamba boriti zina mchwa. Baba hakumsikiliza." Simu ikakaa kimya. Kisha Injinia akasema, taratibu, "Andika pia kwamba baba alinunua godoro jipya wiki iyo hiyo." Nikamshukuru.

Ilikuwa imefika saa nne na nusu. Insha ya kurasa mbili imebaki ukurasa mmoja na robo, nami nimeichoka kama niliyeibeba begani. Ndipo Jaji alipoinua miguu yake barazani na kusema, "Hapa pameroa."

Maji yalikuwa yamekuja. Mfereji wa uani ulikuwa wazi, ndoo imejaa zamani, na uani kote kandambili zinaelea kuelekea barazani. Tukakimbilia madekio na mabeseni. Redio akaokoa mkeka wa nyanyake, nikaiweka kamusi juu ya kabati, na Amiri, kanga imekunjwa hadi magotini, akasukuma maji kwa fagio na kusema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mfereji uliachwa wazi."

Malenga alikuwa amesimama juu ya kiti, daftari kifuani, kalamu bado mkononi.

"Uliachwa na nani, Mama?"