Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mashine ya Kupima Uwezo

Mheshimiwa Mashine,

Sisi wakazi wa Kitengela tunakusalimu kwa heshima, na pole kwa kazi ya kutuhesabia utajiri ambao wenyewe hatujawahi kuuona.

Aliyeajiriwa, bima ya afya ya SHA humkata asilimia 2.75 ya mshahara. Fundi wa mjengo na mama mboga hawana hati ya mshahara, kwa hivyo wewe, mashine ya SHA, huuliza ukuta ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, kisha unatangaza kipato. Huku mtaani kwetu Noonkopir choo cha kuvuta maji ni cha landilodi, na maji yenyewe tunanunua kwa mtungi. Lakini umekisikia choo, umeridhika.

Basi ombi letu kuu: choo kiandikishwe kiwe mwanachama, sisi tuwe wategemezi wake. Kichukuliwe alama za vidole (hapo tutashauriana), kisajiliwe laini ya simu kipokee jumbe zako za kudai. Mtoto akizidiwa usiku, tutakipakia kwenye boda hadi hospitali, kipange foleni, karani athibitishe kwamba kimelipa, ndipo mtoto alazwe. Tukihama ploti, landilodi atupe barua ya kututambulisha kwa choo kipya. Ikiwa ndicho chenye pesa, kwa nini tukinyime heshima ya kulipa?

Mfugaji wa Kajiado naye anaomba ng'ombe waliokufa kwa kiangazi cha 2022 waachwe wapumzike, usiwahesabu tena kuwa utajiri wake.

Tena utuonyeshe hesabu yako. Zile shilingi 500 za NHIF, bima ya zamani, kila mtu alizijua. Hizi zako zinatoka wapi? Na unazitaka za mwaka mzima kwa mkupuo! Mtu anayelipwa jioni kwa kibarua cha asubuhi atoe wapi pesa za miezi 12? Akikosa, anaambiwa alipe taslimu, mtoto yuko mgongoni anachemka, nawe umekaa kwenye seva, huna mtoto, huna mgongo, huna haya.

Samahani, Mheshimiwa. Ni joto la mabati.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinatupa haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake. Tuletee basi mtu mmoja, hata mwenye usingizi, aketi Kajiado mjini atusikilize. Akipitia Kitengela na kubanwa njiani, maji ya kuvutia choo tutamnunulia.

Wako,
Wategemezi