Nimelipa Nauli, Nikaburutwa

Kwetu Makete vinavyoburutwa ni vitatu: gogo, mbuzi aliyekataa kwenda mnadani, na mlevi ambaye mkewe amekuja kumchukua kilabuni. Wote hao hawalipi. Mimi Februari iliyopita nililipa, tena kwa kadi, tena nikasema asante, kisha nikaburutwa mlimani kutwa nzima kama gogo, kama mbuzi, na ilipofika saa nane mchana, kwa jinsi miguu ilivyokuwa ikipishana, kama yule wa tatu.

Acha nieleze mwenyewe, maana Mama Watoto ameshaanza kuwasimulia watu kanisani, na anasimulia vibaya.

Tunaishi Dundee, Uskoti, mwaka wa tisa huu. Kazini nina mwenzangu, mwenyeji wa huku, ambaye kila baridi ikiingia hunishawishi twende tukateleze kwenye theluji. Miaka minane nilimkatalia kwa adabu. Mwaka huu binti yangu wa miaka kumi na mmoja akaunga mkono upande wake. Akasema darasa zima limekwisha kwenda kuteleza isipokuwa yeye na mtoto mmoja aliyevunjika mguu, na huyo mguu aliuvunja akiteleza. Nikashindwa hoja.

Baridi yenyewe haikunitisha. Mlima mrefu kuliko yote Uingereza, Ben Nevis, una mita 1,345. Makete tunazaliwa juu ya hapo, na asubuhi za Juni kule Kitulo majani huamka meupe kwa jalidi, watu wakaenda shambani na maisha yakaendelea. Kilichonitisha ni bei. Sitaitaja hapa, mama yangu anasomewa safu hii.

Uskoti ina vituo vikubwa vitano vya kuteleza. Tulikwenda kimojawapo, nacho sitakitaja, kwa sababu niliyoyafanya pale yalionwa na wengi na sitaki mtu aende kuyaulizia. Mimi ni Mkinga. Waliowahi kufanya biashara na sisi Kariakoo wanajua kwamba Mkinga hatoi hela kabla ya kuhesabu. Basi usiku wa kuamkia safari nikafungua ramani ya kituo, nikahesabu lifti zilizochorwa. Zikapita kumi na tano. Nikagawanya bei ya siku kwa idadi ya lifti, nikaona kila moja inaniangukia kwa chini ya bei ya kikombe cha kahawa. Nikalala na furaha.

Sikuuliza ni lifti za namna gani. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba magari kumi na tano yanapita kijijini kwake kila siku, akamshukuru Mungu, asiulize kama ni mabasi au malori ya mbao.

Lakini na neno lenyewe lina hila. Kwa Mswahili, lifti ni vitu viwili tu: kile chumba cha chuma kinachokupandisha ghorofani, na gari la msamaria mwema uliyempungia mkono barabarani. Kote kuwili wewe unabebwa. Hakuna Mswahili aliyewahi kuomba lifti akafungwa nyuma ya gari akakimbia nalo. Sasa kule mlimani lifti za viti, ambazo unakaa kwenye benchi ukaning'inia hewani kama mtu mwenye heshima zake, zilikuwa chache sana, vidole vya mkono mmoja vilizitosha na vikabaki. Nyingine zote, nyingi kama nguzo za umeme, zilikuwa za kukokota.

Kwa asiyejua: kamba nene ya chuma inazunguka juu kwenye nguzo, na kwenye kamba hiyo zimening'inizwa fimbo. Kuna fimbo zenye kisahani mwishoni, unakipitisha katikati ya mapaja nacho kinakusukuma kwa nyuma. Hizo huitwa poma, kutokana na jina la Jean Pomagalski, aliyezitengeneza Ufaransa. Kuna na zile zenye kijiti kilichokingama mwishoni, kama herufi T iliyopinduliwa, za watu wawili wawili, kijiti kikiwakaa chini ya makalio, mmoja kulia na mwenzake kushoto. Mbao za kutelezea zinabaki chini kwenye theluji na wewe umesimama juu yake muda wote. Mlima wao, nauli yako, na miguu pia yako.

Sharti kuu ni kwamba hutakiwi kukaa. Hapo ndipo malezi yangu yaliponiangusha. Sisi tumefundishwa kwamba mtu akikusogezea kigoda, kaa, hata kama una haraka. Mgeni akikataa kigoda wenyeji huanza kuulizana walimkosea nini. Kijana wa lifti akanisogezea kijiti kwa heshima, nami kwa heshima nikakaa. Kumbe kamba ya kijiti ina springi. Ukikikalia kinashuka nawe. Nikashuka nacho taratibu kama mzee anayeketi mkekani msibani, hadi makalio yakagusa theluji. Binti yangu alikuwa upande wa pili wa kijiti hichohicho. Akaondoka nacho peke yake, akageuza shingo na kupiga kelele, "Baba, usikae!"

Ushauri mzuri. Ungekuja sekunde nne kabla.

Tukajaribu tena, na hapo tukagundua tatizo ambalo hakuna malezi yangeweza kulizuia. Mimi nina futi sita na inchi mbili. Binti yangu ana futi nne na nusu. Kijiti ni kimoja. Kikimkaa yeye mapajani, mimi kinanigonga nyuma ya magoti, na goti likigongwa nyuma halijadiliani na mtu, linakunja. Kikinikaa mimi vizuri, yeye kinampanda mgongoni kuelekea shingoni, anatembea ameinama kama anatafuta shilingi iliyodondoka. Mara tatu tulianza, mara tatu tukaishia ubavuni mwa njia. Mara ya nne akaniambia kwa upole, upole uleule ninaoutumia mimi ninapomwambia bibi yake asiguse simu yangu, kwamba ameona rafiki wa shuleni na atapanda naye.

Mimi nikapangiwa bibi mmoja wa Kiskoti, mrefu wa kutosha, umri wa mama yangu mdogo. Akaniambia, "Simama tu, mwanangu, acha mashine ifanye kazi." Tukaondoka vizuri. Akanieleza habari za wajukuu zake, nami nikawa naitikia nikiwa nimekaza kila msuli nilionao na mingine ya kuazima. Watu husema kupanda ni mapumziko na kuteremka ndiyo kazi. Kwenye viti labda. Kwenye fimbo, kupanda ni kazi na kuteremka ni kazi, na mapumziko ni kuanguka.

Nikapumzika katikati ya mlima. Palikuwa na kipande cha barafu ngumu njiani, mbao zangu zikapishana, bibi akaendelea na wajukuu zake na mimi nikabaki. Sheria ya fimbo ni kwamba ukianguka utoke njiani mara moja, kwa sababu wa nyuma hawana breki wala usukani. Nikajiviringisha pembeni kama gunia la viazi lililodondoka kwenye Fuso. Waskoti ni wastaarabu mno: kila jozi iliyopita ilinigeukia kuniuliza kama niko salama. Nikajibu niko salama, asanteni, mara kumi na moja. Jozi ya kumi na mbili alikuwa binti yangu na rafiki yake. Hakuniuliza chochote. Aliangalia upande wa pili, akiwa anavutiwa sana na nguzo.

Nilipofika kantini nikampigia simu jirani yetu wa Dundee, mtu wa Kilifi, nikitafuta huruma. Nilikosea namba ya kupiga. "Wewe bwana wee," akasema, "usitutie aibu Waafrika. Sabrina Simader kazaliwa kwetu Kilifi, na ndiye Mkenya wa kwanza kuteleza mbio za kuteremka milima kwenye Olimpiki, 2018 kule Korea Kusini." Nikamwambia dada yule alipelekwa Austria angali mtoto mdogo. "Basi kosa lako ni kuchelewa kuondoka Makete," akajibu. Huyu ni mtu ambaye kuteleza kwake kote ni Ski Dubai, ile theluji ya ndani ya duka iliyofunguliwa 2005, na alikwenda kupiga picha. Lakini alisema jambo moja lililoniuma. Alisema kule Dubai alipandishwa kwa kiti. Jangwani! Ndani ya duka!

Mwenzangu wa kazini akaja na supu kunipoza. Yeye ana historia ya kila kitu, akanisomea. Lifti ya kukokota iliyosambaa duniani ilifungwa Davos, Uswisi, 1934, na mhandisi Ernst Constam, kwanza ikimvuta mtu mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Watu waliishangilia, maana kabla ya hapo ulipanda mlima kwa miguu saa nzima ili ufurahie dakika chache za kuteremka. Nikamwambia hilo nalijua. Kwetu Wajerumani wawili, Furtwängler na König, walipanda Kibo 1912 wakiwa na mbao za kutelezea, wakateremka nazo, na hapakuwa na fimbo wala kamba, ingawa nadhani hadi miguuni mwa theluji mbao hizo zilifika juu ya kichwa cha mtu ambaye hakuna aliyemuuliza jina.

Kisha, kwa bahati mbaya yake, akanieleza na habari za viti. Lifti ya kwanza ya viti ilifungwa Sun Valley, Marekani, 1936. Mhandisi wake, James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, aliwahi kushughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini: kamba inayozunguka, ndoano, mkungu kwenye kila ndoano. Akatoa ndoano, akaweka kiti. Basi.

Niliweka kijiko chini. Kumbe ndizi zilikuwa zikisafiri angani, zikining'inia, zikipigwa na upepo wa bahari, kabla hata ya 1936. Na mimi, baba wa watoto watatu, mwenye mkopo wa nyumba na bima ya maisha, nimesafirishwa kwa hali ya chini kuliko mkungu wa ndizi.

Sasa haki itendeke, ingawa inaniuma. Mnamo saa sita na nusu upepo wa Uskoti ulivuma kama una deni letu. Viti vikaanza kupepea, na kwa usalama lifti za viti zikasimamishwa. Mabwana na mabibi waliokuwa wakinipita angani asubuhi, miguu wakiichezesha, wakajazana kantini wakiangalia dirishani. Fimbo zikaendelea kuzunguka. Binti yangu akaendelea kupanda na kushuka. Ndiyo maana kuna fimbo nyingi kwenye milima yenye upepo kama hii: nguzo zake fupi, gharama yake ndogo, na ukianguka unaanguka kutoka urefu wako mwenyewe, si kutoka kwenye ghorofa. Foleni pia ilikuwa fupi, nadhani kwa sababu nusu ya foleni ilikuwa imelala pembeni mwa njia pamoja nami. Kasoro yake nyingine ni kwamba fimbo inataka theluji kuanzia chini hadi juu, wakati kiti kinapita hata juu ya majani makavu. Na theluji ya Uskoti ni ya kubembelezwa, hadi wenyewe wamepanga uzio wa mbao mlimani kuinasa isipeperushwe, kama unavyotega maji ya mvua yasiikimbie bustani.

Je, inafaa kwenda? Kila anayeniona natembea kwa kushika kuta ananiuliza hivyo. Hesabu ya Mkinga ni hii. Binti yangu alipanda mara ishirini na mbili. Bei yake kwa kila safari ni ya pipi. Mimi nilifika juu mara tatu. Ukigawanya bei yangu kwa tatu unapata mguu wa mbuzi wa kuchoma, pamoja na ndizi zake, na ndizi hizo, kama nilivyokwisha kueleza, zinasafiri vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo kwa mtoto, kwa mwenye magoti mapya, au kwa siku ya upepo, inafaa sana. Kwa mtu wa rika langu, asihesabu lifti kwenye ramani. Ahesabu viti.

Mama Watoto anasema nisilalamike, maana hakuna aliyenilazimisha kupanda mara ya pili. Ni kweli. Na kwa kuwa binti yangu amekwisha kuzungushia duara Jumamosi mbili za mwaka ujao kwenye kalenda ya jikoni, natoa tangazo. Msomaji yeyote uliye Dundee, Perth au Aberdeen, mwanamume au mwanamke, mwenye futi sita na kitu, tafadhali nitafute kabla ya Januari. Uzito haujalishi, kuteleza si lazima ujue. Natafuta wa kushika upande wa pili wa kijiti.