Sifa za Tatu kwa Elfu

Wengine na waisifu shaba, wengine kobalti iliyomo ndani ya simu zao. Mimi leo naisifu tarakimu ndogo, nyenyekevu, inayoishi katika kifungu cha 258 bis cha Sheria ya Madini ya Kongo, ile iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018: asilimia 0.3. Kila kampuni inayochimba itenge angalau kiasi hicho cha mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Dola tatu katika kila elfu. Zile 997 zina safari zake, nazo hazipendi kutajwa mbele za watu.

Utazameni kwanza upole wake. Siku mbili kabla sheria haijatiwa saini, wakuu wa makampuni makubwa ya madini walikuwa Kinshasa kwa Rais Joseph Kabila, wakakaa naye saa nyingi wakilalamikia mrabaha mpya, kodi ya faida iliyopita kiasi, na kufutwa kwa ahadi ya kutobadilishiwa masharti kwa miaka kumi. Tatu kwa elfu siyo iliyowapandisha ndege. Ilipita katikati ya kelele zile kama mtoto aingiaye msibani ameshika kanga ya mama yake.

Na sasa itazameni ilivyokua! Ndani ya sheria ni deni. Ikifika kijijini kando ya mgodi, imeshakuwa zawadi. Njiani imevishwa fulana, kofia, utepe na mkasi. Hema limepigwa, viti vya plastiki vimepangwa, chifu ameketishwa mbele, kina mama wanacheza. Mkurugenzi anafungua bomba la kisima kipya, anakunywa maji (kidogo, kidogo sana), watu wanashangilia. Kisha kinasimamishwa kibao chenye jina la kampuni kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani. Vibao hivyo nimevisoma vingi, na baadhi vinang'aa bado hali pampu zimenyamaza zamani. Ila kilichoandikwa "Deni limelipwa kwa mujibu wa kifungu cha 258 bis" sijakiona.

Fedha gani nyingine mkoani Lualaba ina picha nyingi hivi? Mrabaha ni mkubwa kuliko tatu kwa elfu, na sheria ile ile inataka asilimia 15 yake iende moja kwa moja kwa komuni, sekta au uchifu ambamo mgodi umo. Nani amewahi kualikwa komuni ya Dilala au ya Manika kwenye sherehe ya mrabaha? Tena Desemba 2022 kampuni ya Glencore ilikubali kuilipa Kongo dola milioni 180 ili kumaliza madai ya rushwa ya kati ya 2007 na 2018. Milioni 180! Sikusikia ngoma, wala hakuna aliyegawa kofia. Fedha nzito zina haya.

Wazee wetu hawaelewi fahari hii ya sherehe. Wao walilelewa na kampuni ya madini ya Gécamines, na kabla yake Union Minière: nyumba, hospitali, shule, hata unga wa bukari, vyote vilitoka kwa kampuni. Haukuwa upendo. Kampuni ilitaka mfanyakazi mwenye nguvu, na mtoto wake awe tayari kushika kazi kesho. Gécamines ilipodhoofika, ikafika 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoshwa kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Wazee wale hawakuuliza kama kampuni ina moyo. Waliuliza unga uko wapi.

Sisi tumeendelea, tunauliza habari za moyo, na hii ndiyo sifa kuu ya tatu kwa elfu: imetupa mjadala usiokwisha. Jioni, mbele ya chupa za bia ya Simba, utasikia: "Hawa wanatupenda kweli, au wanajionyesha?" Mmoja anasema shule ya mtaani kwao imepata bati jipya, watoto hawanyeshewi tena. Mwenzake anamkumbusha ripoti ya Septemba 2023 ya Amnesty International na IBGDH, shirika la hapa hapa Kolwezi, juu ya watu waliofukuzwa makwao Cité Gécamines kupisha mgodi wa shaba. Bati ni la kweli, na kufukuzwa ni kweli. Usiku unakwisha tukiupima moyo wa mkurugenzi, ambao hauna mizani, ilhali mauzo ya kampuni yanapimwa mpaka senti ya mwisho. Aliyeuza kwa dola bilioni moja anadaiwa milioni tatu zisizopungua. Mtoto wa darasa la sita anaiweza hesabu hiyo, lakini yeye siku ya sherehe amewekwa mstarini kuimba.

Sheria imeweka hata chombo cha kuisimamia fedha hiyo, ambamo wawakilishi wa kampuni na wa jamii huketi meza moja. Anayetoa hagawi chake peke yake, na anayepokea haombi. Ajabu ni kwamba shukrani zote zinaelekea upande mmoja wa meza.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Lualaba, mkialikwa nendeni. Kaeni viti vya mbele, vaeni kofia, pigeni makofi, kunyweni maji. Hotuba zikiisha, nyosheni mkono muulize kwa adabu: mauzo ya mwaka jana yalikuwa dola ngapi, na kati ya tatu zetu, hiki kisima kimekula ngapi?